Ombi la Kuvunjiwa Ndoa Saa za Mchana

Kakola,
Jumatano, 14 Agosti 2024

Kwa Mjomba wangu Mayala,
Mwenyekiti wa Ukoo,
Ushetu.

Shikamoo Mjomba. Ninakuandikia kwa heshima uliyonifundisha, na kwa mgongo unaouma, ambao sikufundishwa na mtu.

YAH: KUVUNJIWA NDOA KWA MUDA, KILA SIKU YA KAZI, SAA MOJA ASUBUHI HADI SAA KUMI NA MBILI JIONI

Kama unavyojua, dada yako, yaani mama yangu Mbuke, alivunjika nyonga mwezi wa nne, na tulipotoka hospitali ya Kolandoto alikuja kuishi kwangu. Mtaalamu wa mazoezi alituagiza jambo moja: ainuliwe mara mbili kwa siku, akae juani, ajaribu hatua. La sivyo atapata vidonda vya kulala, na miguu itasahau kazi yake. Mgongoni kwake tayari pameanza kuwa pekundu. Hilo ndilo jambo lenyewe, Mjomba. Yanayofuata ni malalamiko.

1. Mama ana kilo themanini na mbili. Mimi nina kilo hamsini na moja na shahada ya historia. Nimejaribu kumwinua kwa vyote viwili, nimeshindwa.

2. Katika nyumba hiyohiyo yumo mume wangu Makoye, ambaye kwa miaka tisa alipandisha viroba vya mawe kutoka maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, na sasa anaendesha karasha la kusagia mawe hadi saa saba mchana. Mtu huyu angeweza kumbeba Mama kwa mkono mmoja na kupokea simu kwa mwingine. Lakini ni mkwe. Mama akisikia viatu vyake anajifunika shuka hadi utosini. Naye akisikia Mama amekohoa anatoka katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, kwa dirisha ikibidi. Chakula anakula nyuma ya banda la kuku, akiwa amesimama. Kuku wamemzoea. Mimi ndiye ninayeanza kumsahau.

3. Ulipokuja mwezi uliopita nilikueleza haya yote. Ulisema, na ninanukuu: "Mkwe amshike mama mkwe kiunoni? Katika ukoo huu? Heri alale." Nimeitafakari kauli hiyo kwa haki. Nimebaini tu kwamba ilitolewa na mtu aliyefika kwa miguu yake, na ambaye mara baada ya kuitoa aliinuka bila kusaidiwa, akaenda kunawa ili aongezewe sato.

4. Usidhani sikutafuta njia nyingine. Nilimwajiri Edson, kijana mwenye mabega kama mlango. Mama alimuuliza ukoo kabla hajavua viatu. Baada ya dakika nne ikabainika kwamba amemwoa binti wa binamu yenu. "Kumbe mkwe!" Mama akapiga kelele, na wote wawili wakageukia ukutani. Nikamleta Masudi, mwendesha bodaboda, mtu wa Kigoma, asiye na undugu na yeyote huku. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia pembeni: "Huyu hajaoa. Na kwa Mayala kuna mabinti wanne wamemaliza vyuo, wamekaa tu. Tujiharibie kwa nini?" Kwa hiyo, Mjomba, wanaume wote wenye nguvu kuanzia Bulyanhulu hadi Ushetu wako katika makundi mawili: wakwe, na wanaotarajiwa.

5. Sasa ombi lenyewe. Makoye ni mkwe kwa sababu ya ndoa yangu, na ndoa hiyo mchana haitumiki sana. Naomba ivunjwe asubuhi na kurudishwa jioni. Jumamosi na Jumapili tutazizungumza. Najua talaka hudai ng'ombe wa mahari warudi kwa mwoaji, na wale kumi na wanne uko nao wewe. Watatoka Ushetu alfajiri na kurudi magharibi. Sidhani watafika, lakini nia yao itaonekana.

6. Iwapo talaka ya mchana ni nzito, ukoo umpokee Makoye kama mtoto wa kuzaliwa na Mama, maana mwana humbeba mama yake bila aibu. Ninaona kwamba hapo nitakuwa nimeolewa na kaka yangu. Kasoro hiyo nimeigundua mwenyewe, hivyo huna haja ya kunijibu kwayo. Kama nalo halifai, basi niondolewe mimi: nitangazwe kuwa si binti yake, nimtunze kama mpita njia. Wapita njia katika nyumba hii husikilizwa.

Mjomba, sina hakika na hoja zangu. Kwa miaka kumi na moja nimewafundisha wanafunzi kwamba mila hubadilika, kisha narudi nyumbani na kuikuta moja iliyokataa. Siku nyingine ninapomwosha ninafikiri: nyonga yake sasa ni ya madaktari, saa zake ni za vidonge, hata nguo zake nachagua mimi. Huenda aibu aliyo nayo mbele ya mkwe ndiyo kitu pekee kilichobaki mikononi mwake mwenyewe, nami nataka kumnyang'anya kwa jina la afya. Kisha ninamgeuza ubavu, naona ule wekundu, na hasira inarudi mahali pake.

Nitashukuru nikipata uamuzi kabla ya kikao cha ukoo cha Jumapili. Wasalimie wote wa nyumbani: Mama Suzana, mabinti wote wanne, majirani wanaoniulizia na wasioniulizia, na ng'ombe.

Mpwa wako mtiifu, kwa sasa,

Scolastika Masalu
(Mama Martina)

Nyongeza. Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Leo mitihani imekwisha mapema, nikarudi saa nane. Mama alikuwa uani, amesimama, kichwa kizima kimefunikwa kitenge asione kitu. Nyuma yake Makoye amemshika kwapani, amefumba macho kama anayeombewa. Mama Nasibu, jirani anayeshinda na Mama nikiwa shuleni, alikuwa akiwaangalizia njia na kuwapelekea maneno.

"Mwambie huyo ambaye hayupo asinibane mbavu," Mama akasema.

"Wewe ambaye hupo, usimbane mbavu," Mama Nasibu akafikisha.

"Mwambie sipo, ila nimesikia," Makoye akajibu.

Walikwenda hatua kumi na moja mbele ya macho yangu. Leo ni siku ya tisa wanafanya hivyo. Nilipouliza kwa nini nilifichwa, Mama alijibu kutoka ndani ya kitenge: "Wewe umesoma. Ukijua, utaitisha kikao."

Kwa hiyo naomba ndoa yangu iachwe ilivyo, saa zote, na kikao cha Jumapili kisimjadili Mama. Ameniagiza nikuandikie kwamba bado amelala. Ameniagiza hivyo akiwa amesimama.