Nani Anatwanga kwa Daktari?

Jamani, leo aibu imenikuta nyumbani kwangu mwenyewe, nimesimama wima.

Wale msionijua: mimi ni daktari wa mifugo, nimeletwa Garissa kutoka Bungoma, naishi mtaa wa Iftin peke yangu. Peke yangu kabisa. Kuna siku ninayeongea naye mwisho ni ngamia (na huwa amekasirika, maana namdunga sindano).

Sasa dada yangu anaolewa mwezi ujao. Arusi za kwetu ngoma alikuwa akipiga baba, na baba hayupo tena. Nikaomba nipige mimi. Mjomba Wafula, mkuu wa wapigaji, akasema sawa, lakini leo nimwonyeshe kwa simu kwamba naweza kumsindikiza bibi arusi mwanzo hadi mwisho bila kulegea. Nikishindwa, anapewa mtu mwingine.

Ngoma sina. Nimekunja godoro juu ya stuli, nikachonga fimbo mbili, na kila jioni nikitoka kazini napiga. Mjomba alinionya: "Anza pole pole. Legeza mkono. Kasi iongeze kidogo kidogo, na ukisikia maumivu, acha." Mwanzoni nilitii. Halafu nikajiona fundi. Nikaacha hata kunyoosha mikono, nikawa naanza na mbio moja kwa moja. Nani angenikataza? Nyumba nzima ni mimi na godoro.

Leo baada ya alasiri nikapiga simu ya video, nikaiegemeza kwenye kikombe. Mjomba huyo, na nyuma yake mashangazi, binamu, na bibi arusi mwenyewe. Nisiwadanganye, machozi yalinilengalenga. Nikaanza kwa kasi yote niliyonayo.

"Punguza!" mjomba akasema.

Nipunguze, na mashangazi wanapiga vigelegele? (Kichwa kilikuwa kimevimba.) Nikaongeza. Mkono wa kulia ukaanza kuwaka moto kutoka kiwiko. Nikakaza fimbo. Mara misuli ikajifunga, vidole vikaganda pale pale, havifunguki! Nikapiga yowe.

Mlango ukasukumwa. Ni Mama Halima, jirani yangu wa ukuta mmoja, na wanawake wawili. Wamebeba mikate ya anjera, kopo la nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa kwa samli, na chetezo kinafuka ubani.

"Daktari, mashallah! Bibi yako iko wapi?"

"Bibi gani?"

"Hii anatwanga kila jioni! Sisi nasikia kwa ukuta. Na sasa anatwanga haraka haraka, hiyo si mtu moja, wallahi. Tukasema mama yake amekuja kusaidia. Unaficha yeye kwa nini? Tumekuja kukaribisha yeye."

Nikabaki na fimbo hewani. Kwenye simu ikatoka sauti ya dada yangu:

"Umeoa?"

"Sijaoa! Ni godoro!"

(Najua. Ningeweza kulisema vizuri zaidi.)

Mama Halima akaenda akainua godoro, akachungulia chini yake. Basi! Mwanamke mmoja akaketi sakafuni kwa kicheko. Bungoma nako wanaanguka. Mimi nacheka huku nalia, fimbo imening'ang'ania kama kupe.

Mjomba alipotulia akasema, "Mkono huo usiguse kitu mpaka upone. Ngoma nampa binamu yako Barasa. Wewe njoo ule arusi tu." Simu ikakatwa.

Nikakaa kwenye stuli. Mama Halima akaacha kucheka.

"Hao ni nani?"

"Watu wangu. Nilitaka kupiga ngoma ya baba."

Akatazama chumba. Sahani moja, kikombe kimoja.

"Kwa hivyo hapa ni wewe peke yako? Siku zote hizi?"

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tulifurahi," akasema. "Tukasema, Alhamdulillahi, daktari sasa iko na mtu."

Hapo walinivunja moyo kuliko mjomba. Wakaniwekea kila kitu mezani. "Kula. Vyombo rudisha wewe mwenyewe, na unywe chai kwetu," akasema akitoka.

Sasa niko hapa na mapokezi ya bibi nisiye naye na mama mkwe. Mkono wa kulia bado haufunguki, na kwa wa kushoto naona haya kula chakula cha watu hawa. Kwa hivyo tafadhali: atakayecheka, aje kwanza anilishe.