Matumbo Manne ya Familia ya Hoekstra

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimepata wazo! Nilikuwa juu ya dari ya mteja, nikitandaza sufi ya kuzuia baridi (ndiyo kazi yangu), likanijia zima zima. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Mimi nina watoto wanne. Nusura nianguke.

Jumamosi ijayo tunakwenda shamba la matufaha la Bibi Verhoef, kama kila vuli. Tutachuma matufaha, tutachagua maboga, tutakula donati. Na kuna shindano la mavazi ya Halowini ya watoto. Jina la mshindi huandikwa kwa rangi kwenye ubao wa ghalani, nalo halifutwi. Miaka mitatu mfululizo limeandikwa jina la Brock, mwana wa Duane. Duane ni mwanyumba wangu, kaoa dada wa mke wangu, na mavazi yote hununua dukani! Mwaka jana Brock alikuwa dinosau wa kujazwa upepo. Sisi tulikuwa sayari: Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi. Watoto waliishia hapo. Hatukupata hata nafasi ya tatu. Duane akanipigapiga begani. "Usijali, Profesa," akasema, "sayari haziendi popote."

Mwaka huu ataona.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimeitangazia familia mezani, baada ya kanisa. Mke wangu Marlys aliweka uma chini, akauliza kama watoto hawawezi kuwa kitu ambacho watu wanakijua. Nikamwambia tuko Iowa, nani hapa asiyemjua ng'ombe? Akasema wanamjua kwa nje.

Dirk, miaka minne, alitaka kuwa trekta. Corwin, miaka tisa, alitaka kuwa maiti inayotembea. Anneke, miaka kumi na miwili, alitaka kuwa mtoto wa familia nyingine. Tamsin tu, miaka saba, ndiye hakulalamika. Aliuliza vyumba vinafuatana vipi. Damu yangu hiyo!

Nikawapanga. Anneke ni chumba cha kwanza, kile kikubwa, majani yanamochachia kabla ng'ombe hajacheua. Corwin ni cha pili, chenye ukuta kama sega la asali. Dirk ni cha tatu, tumbo lenyewe la kumeng'enya. Tamsin ni cha nne, chenye kurasa kurasa kama kitabu. Inaeleweka kabisa: mtu hula kwanza, husoma baadaye. Sikuhitaji kufungua kitabu chochote. Hayo nilishayasoma shuleni.

Jumanne, 21 Oktoba

Kazi inakwenda vizuri sana. Anneke nimemshonea taulo za bafuni kuzunguka matairi mawili ya baiskeli. Corwin ni trei za mayai kuanzia shingoni hadi magotini. Tamsin ni pazia la bafuni lililokatwa kurasa arobaini. Dirk ni mfuko wa kulalia wa rangi ya waridi. Wote wameunganishwa kwa bomba la bati laini la mashine ya kukaushia nguo. Nimerudi nyuma nikaitazama kazi yangu. Nilisikia fahari mpaka nikakaa chini.

Tamsin alikuja na kitabu cha maktaba, kidole kimebana ukurasa. Akasema yeye anatakiwa awe mbele ya Dirk, si nyuma yake. Nilikuwa na gundi mkononi. Nikamwambia gundi haingoji mtu. Akaondoka na kitabu chake.

Marlys anauliza taulo mpya ziko wapi. Nimemwambia ziko salama.

Ijumaa, 24 Oktoba

Jambo la mwisho, na ndilo litakalommaliza Duane: uhalisi. Mteja wangu mmoja mfugaji amenipa gunia la sileji, yale majani ya mahindi yaliyochachushwa kwa ajili ya ng'ombe. Nimelishindilia ndani ya Anneke. Yaani, ndani ya vazi la Anneke.

Anneke amesema hazungumzi nami tena hadi aolewe.

Duane amepiga simu, ati kuuliza tutakutana saa ngapi. Akachomekea kwamba Brock atakuwa roboti, tena ya kuwaka taa. Nikamwambia taa ni nzuri kwa wasio na hoja.

Jumamosi, 25 Oktoba

Siku kubwa. Niandike kwa mpangilio.

Tulisafiri vioo vya gari vikiwa wazi, upepo wa baridi unakata masikio, kwa sababu ya sileji. Kwenye tela la trekta linalozungusha wageni shambani, familia nyingine zote zilihamia upande wa pili. Nilichukulia kama heshima. Tuliposhuka, mbuzi wa zizi la watoto waliruka ua na kumfuata Anneke. Watatu. Nikawaambia watu kuwa hata mnyama anatambua kazi ya kweli.

Shindano lilikuwa ghalani, mbele ya watu kama mia hivi. Mwamuzi ni Bibi Verhoef mwenyewe, miaka themanini na mmoja. Sikuwa najua kwamba kabla ya kupanda matufaha alikamua ng'ombe miaka hamsini. Laiti ningejua!

Alimpita Brock na taa zake bila kusimama. Moyo ukanidunda. Akafika kwetu, akainama, akanusa. "Sileji ya mahindi," akasema. "Nzuri." Nilimtazama Duane. Duane alitazama donati yake.

Kisha akasimama kati ya Dirk na Tamsin. Akaniuliza, "Kijana, huyu ng'ombe wako yu hai?" Nina miaka arobaini na minne. Nikajibu yu hai, tena mzima wa afya. Akasema kwa mpangilio huu asingefika jioni.

Ghala zima likacheka. Duane akapaliwa na donati. Nilijaribu kueleza. Nilieleza kuhusu kula kwanza na kusoma baadaye. Kadiri nilivyoeleza ndivyo bibi alivyotikisa kichwa. Nilitamani nimezwe, na chumba chochote kati ya vile vinne.

Hapo Tamsin akanyoosha mkono, kama yuko darasani. Aliomba ruhusa kwa Bibi Verhoef, si kwangu. Akachomoa bomba. Akamshika Dirk, akampeleka mwisho. Akaingia yeye nafasi ya tatu, akachomeka bomba tena, akageukia watu. Akasema kurasa hizi hukamua maji kwenye chakula kwanza, ndipo kinaingia kwenye tumbo lenyewe. Akasema Dirk ndiye tumbo lenyewe. Dirk akapunga mkono.

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Mimi nilitetemeka. Binti yangu wa miaka saba, ndani ya pazia la bafuni, anawafundisha wakulima! Nilijisikia fahari mpaka macho yakaniuma. Inawezekana ni sileji.

Bibi Verhoef akatangaza mshindi: Tamsin Hoekstra. Mbuzi walikuwa wameshakula nusu ya taulo, na Anneke alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Ndani ya gari Tamsin aliniuliza kwa sauti ndogo kama nimekasirika. Nikamwambia hapana, mama. Nikamweleza kwamba kosa lile nililiweka makusudi, kumpima. Alinitazama kwa muda mrefu kwenye kioo. "Sawa, Baba," akasema. Marlys alipatwa na kikohozi, hakikuisha mpaka nyumbani.

Alhamisi, 30 Oktoba

Usiku wa peremende, watoto wanapita mlango kwa mlango na mavazi yao ya Halowini. Mjini kwetu mtoto hapewi peremende bure, lazima atoe kichekesho mlangoni. Mimi nilifuta vichekesho. Badala yake niliandaa somo, dakika moja kwa kila chumba.

Matatizo mawili. Kwanza, Marlys aliwavika makoti mazito juu ya mavazi, kwa hiyo nilikuwa natembeza watoto wanne wanene waliofungwa bomba. Pili, majirani hawana subira. Kwenye nyumba ya tatu Corwin alikuwa bado anacheua, mama mwenye nyumba akatumwagia bakuli lote la peremende na kufunga mlango. Nyuma yetu foleni ilifika barabarani, na watoto wakaanza kunizomea mimi, mtu mzima.

Tukafika kwa Duane. Yupo mlangoni, ameegemea, anatabasamu. "Haya, Profesa, kichekesho kiko wapi?" Kabla sijafungua somo, Dirk akapayuka. Akauliza kwa nini ng'ombe ana matumbo manne. Duane akasema hajui. Dirk akasema, "Kwa sababu Baba ana watoto wanne!"

Duane alicheka mpaka akashika mlango. Watu wa kwenye foleni wakacheka. Marlys aliketi kwenye ngazi, hoi. Nilitaka kununa. Nikashindwa. Mwanangu ana miaka minne na ameshaunganisha elimu ya mifugo na ya jamii!

Jumamosi, 1 Novemba

Tumerudi kwa Bibi Verhoef kununua pai na kuuona ubao. Rangi bado mbichi. Chini ya Brock, Brock na Brock, imeandikwa: TAMSIN HOEKSTRA, ALIYEMSAHIHISHA BABA YAKE.

Marlys alinishika mkono, nadhani akiogopa nitaumia. Niumie? Nimeusoma ubao huo wote, tangu juu. Majina ishirini na mawili. Hakuna baba mwingine hata mmoja aliyetajwa! Duane ana Brock watatu, yeye mwenyewe hayupo popote. Nimepiga picha, nimemtumia.

Njiani nimepata wazo la mwakani. Moyo! Una vyumba vinne, na watoto ninao. Nimeshawapanga. Tamsin, mdomo umejaa pai, aliuliza kwa upole damu inaanzia kuingia upande gani. Nikamwambia ale pai yake asiwe na wasiwasi. Hayo nilishayasoma shuleni.