Vijiko Sita vya Kitu Cheupe

Jumatatu, 14 Oktoba

Mkutano asubuhi. Mama Georgette, mkuu wa shirika letu dogo la afya hapa Uvira, katangaza kipindupindu kimepanda tena na vitanda vya kituo vimejaa. Halafu akaniangalia mimi. Akauliza kama tovuti yetu ya mafunzo ya afya, niliyoitengeneza kwa mikono yangu miwili, inaweza kutumiwa na vipofu, viziwi na walemavu wengine. Ijumaa chama chao kitaijaribu mbele ya wageni. Nikajibu kwamba inaweza, tena tangu siku nyingi. Sijui kwa nini. Mdomo ulitangulia.

Gracien akakohoa. Huyu ni fundi mwenzangu, kasomea Bujumbura na hachoki kutukumbusha. Kikohozi chake nakijua. Baada ya Ijumaa mmoja wetu tu ndiye atakayeisimamia tovuti, na anataka awe yeye.

Mchana nimebandika juu ya ukurasa wa kwanza alama ya mtu kwenye kiti cha magurudumu. Ya buluu, kubwa. Kazi imekwisha. Nimekula bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, kwa amani.

Jumanne, 15 Oktoba

Hakuna amani. Gracien kawasha kwenye simu yake ile sauti inayowasomea vipofu, kafunika kioo kwa daftari, kafungua tovuti yangu mbele ya ofisi nzima. Sauti ikasema: picha. Picha. Kitufe. Picha. Ikanyamaza. Mafunzo yangu yote ni mabango ya ukutani niliyoyapiga picha ili nisichape upya hata neno moja. Niliona ni akili. Kumbe ile sauti haisomi maandishi yaliyo ndani ya picha.

Gracien kaongeza, kwa upole wa kuudhi, kwamba mwenye kiti cha magurudumu anaona vizuri kabisa. Hahitaji alama ya kumkumbusha amekalia nini.

Mama Georgette hakufoka, afadhali angefoka. Kasema njia ya mwongo ni fupi. Kanipa hadi kesho saa nne.

Jioni nimejirekodi nikisoma mabango kwa sauti nzito ya mtangazaji. Kwaya ya jirani ilikuwa mazoezini, hivyo kila ninaposema kuhara, watu hamsini wanajibu aleluya. Tena rekodi inaanza yenyewe na kugombana na sauti ya simu, zote mbili zinasema kwa pamoja. Na viziwi hawapati chochote. Nimeifuta. Gracien asijue kamwe.

Jumatano, 16 Oktoba

Dawa imepatikana. Nyuma ya kila picha kuna mahali pa kuandika maelezo. Hayaonekani kwenye ukurasa, ila simu ya kipofu inayasoma. Picha arobaini na tatu! Umeme ukakatika saa mbili, kompyuta ikabaki na chaji ya saa moja na kitu.

Kumi za kwanza nimeandika vizuri kama mwalimu. Baadaye nikafupisha. Ile ya mwanaume anayenawa mikono ni Gracien mwenyewe, alijitolea kupigwa picha. Nimeandika: Mtu mfupi anayejidai anajua maji. Nani atakwenda kuangalia huko nyuma?

Bango la maji ya kumpa mtu anayehara ni mchoro mtupu. Nimeandika ninachokiona: Chupa moja ya maji. Vijiko sita vya kitu cheupe. Nusu kijiko cha kitu cheupe. Koroga. Fupi, safi.

Nimeweka yote hewani saa nne kasoro dakika tano, Gracien hajapata hata nafasi ya kukagua. Mama Georgette kafurahi, katuma anwani ya tovuti kwenye kundi la simu la chama cha walemavu. Nimemtazama Gracien. Hakukohoa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Naandika usiku, sijavua hata viatu.

Saa sita na nusu simu ililia. Bernardine wa mtaa wa Songo, rais wa chama cha walemavu, kipofu tangu utoto. Nikajua ni malalamiko, na malalamiko yangefika masikioni mwa Gracien. Nikazima mlio. Kapiga mara saba. Nikajisifu kwa uvumilivu. Saa tisa ndipo niliposikiliza ujumbe aliouacha:

"Evariste, mwana wangu, ni Bernardine. Mujukuu wangu Ornella iko anahara tangu asubui, macho imeingia ndani. Pikipiki ya kutupeleka kituo bado. Ule ukurasa wako unasema vijiko sita vya kitu cheupe na nusu ya kitu cheupe. Sukari ni mweupe, chumvi ni mweupe, banasema. Miye nitajulia wapi? Sita ni ya gani? Unijibu, mutoto analegea."

Sita ni sukari. Nusu ni chumvi. Ukigeuza, unammaliza mtoto aliyekauka. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza ya kazi hii, na sikuandika. Nikampigia: simu yake imezimwa. Nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona, nikamwambia kijana wa watu akimbize, akauliza nimeiba nini.

Nyumba wazi, hakuna mtu. Juu ya meza kikombe, kimebaki nusu. Nikaonja. Chumvi tupu. Nikakaa sakafuni mwa nyumba isiyo yangu. Jirani akachungulia, akasema wamekimbilia kituo cha afya. Nikamuuliza kama mtoto alikunywa. Hakujua.

Kituoni nilimkuta Bernardine kwenye benchi, fimbo magotini. Kanitambua kwa kuhema kwangu. Kasema Ornella yuko ndani, ametundikiwa maji, amefungua macho, ameomba ndizi. Nikauliza kuhusu kikombe. Kanieleza kama anayemweleza mtoto: kwao anayetoa kinywaji huonja kwanza mbele ya anayepewa, hata maji, hata kwa kichanga, ili ijulikane hajaweka ubaya ndani. Alibahatisha vijiko sita viwe vya chumvi, kapiga funda kubwa la kwanza, nusu kikombe, kisha kakimbilia nje kutapika. Mtoto hakugusa.

Nililia. Kaniacha nilie. Halafu kauliza kama ni mimi niliyeandika hivyo, nikasema pengine ni hitilafu ya mashine. Kachukua fimbo yake, kaingia ndani kwa mtoto.

Ijumaa, 18 Oktoba

Alfajiri nimesahihisha lile bango: sukari sita, chumvi nusu, chupa lita moja. Nimesoma mara tisa. Nikaenda kwenye majaribio nimenyoosha shati.

Bernardine kashika simu, wageni wamemzunguka. Sauti ikasoma sukari na chumvi vizuri, nikaanza kupumua. Kisha kateleza kwenye picha iliyofuata, na sauti ikatangaza ukumbini: Mtu mfupi anayejidai anajua maji. Mgeni mmoja akaiangalia picha. Akamwangalia Gracien. Picha na mwenyewe, hakuna wa kubisha.

Bernardine kasimama, kasimulia yote ya jana, kikombe, simu saba, bila kupaza sauti. Heri angepaza.

Hukumu ya Mama Georgette: tovuti ni ya Gracien. Mimi sifukuzwi, kwa sababu Bernardine kaomba nibaki, eti aliyevunja ajifunze kuunga. Ila kila ukurasa nitausikiliza kwanza nyumbani kwake Songo, macho yamefungwa kitambaa, mpaka niweze kufuata maagizo kwa sikio peke yake. Kisha niweke sahihi. Bila sahihi hautoki. Nimeapa mbele ya wote kwamba nimeelewa, na nilikuwa naapa kwa moyo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Songo, saa tatu asubuhi. Ornella yuko uani, anafukuza bata wa watu, mzima. Nimefurahi kweli. Bernardine kanipa kiti na kitambaa.

Ukurasa wa leo ni kipimo cha klorini ya kuua vijidudu kwenye bidoni, dumu la maji ya ziwani. Nimejifunga. Giza. Sauti inasoma mbio, nagusa huku inaruka kule, nusu saa nzima nimesikia neno bidoni tu na matangazo ya shukrani kwa wafadhili. Jasho. Nikafikiri: mimi ni mtu mwenye macho, nateswa bure. Nikakilegeza kitambaa kidogo chini, karibu na pua. Bernardine angejuaje? Nikasoma kila kitu kwa macho, dakika mbili tu.

Kauliza kama kipimo kimesikika sawasawa. Nikasema wazi kama kengele. Kanishika mkono, kasema alijua nitaweza.

Nimeweka sahihi. Ukurasa umetoka saa tano.