Viatu vya Mjomba Nabiswa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeacha kuchora mabango. Nimeamua leo saa nne asubuhi, nikiwa juu ya ngazi, nikimalizia mkia wa ng'ombe kwenye ukuta wa bucha hapa mtaani Lucky Summer, Nairobi. Miaka kumi na saba ya ng'ombe wanaotabasamu wakisubiri kuchinjwa. Imetosha.

Aliyenifungua macho ni Kiema. Tulijifunza kazi kwa fundi mmoja, na herufi zake zilikuwa zikilala upande kama mtu aliyeegemea mlango. Sasa amechukuliwa kwenye maonyesho ya jumba moja la sanaa mjini, maonyesho ya picha za maisha ya barabarani. Alisimama chini ya ngazi yangu kunieleza. Akasema imebaki nafasi moja, na msimamizi, Madam Warigia, anapokea picha hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Nilimshukuru. Tone la rangi nyeupe likamwangukia begani. Bahati mbaya. Kwa kiasi kikubwa.

Nimempa habari mke wangu, Mourine, aliporudi kutoka kiwandani Baba Dogo. Ameuliza kama ng'ombe amekamilika. Nimesema mkia bado. Amesema basi nimalize mkia, halafu ndio nianze kuwa mtu mwingine.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kulipeleleza lile jumba la sanaa. Sikutazama picha, nilitazama watu wanaotazama picha. Mbele ya picha ya harusi walipita wakiongea. Mbele ya mzee aliyelala kwenye mkokoteni walinyamaza, na mama mmoja akavua miwani akaifuta.

Nimepata siri. Huzuni inasimamisha watu.

Nikiwa njiani kurudi nimewaza jinsi nilivyoanza. Mama alikuwa anauza ndizi Majengo. Mimi nilikaa kando yake nikichora wapita njia kwa mkaa, kwenye upande wa nyuma wa makatoni. Watu wazima na mizigo yao mgongoni walikuwa wakisimama kujitafuta, na waliojipata walicheka. Wakati huo sikuwa na siri yoyote. Sijui kwa nini nimeyakumbuka haya. Pengine ni njaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempata mtu wa kuchora. Mjomba wa Mourine, mzee Nabiswa, fundi wa akala pale Kariokor. Anakata matairi ya gari, anayageuza viatu, na mikono yake ina historia nyingi kuliko vitabu vya shule.

Kosa langu ni kumwambia mapema. Nilimkuta ananisubiri kibandani akiwa amevaa suti ya kanisani, tai nyekundu, na chini akala mpya alizojitengenezea mwenyewe kwa siku hiyo. Alikaa wima saa mbili nzima. Wateja wakija anawaambia warudi baadaye, anachorwa na mkwe wake. Aliniambia amevisha viatu nusu ya mitaa ya Eastlands. Kisha akaniomba kitu kimoja tu, nisimkosee mikono.

Nimechora yote kwa penseli kama nilivyoyaona. Yaliyobaki nitayamaliza nyumbani.

Jumatatu, 10 Machi

Picha haisemi kitu. Nabiswa na ile tai anafanana na mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Nimeifuta tai. Ikawa afadhali. Nimemvua koti. Afadhali zaidi. Nimepasua shati kidogo begani, kwa brashi nyembamba, kisha nikaongeza mpasuko wa pili ili wa kwanza usiwe mpweke.

Saa tisa nimefika miguuni. Nimekaa nikazitazama zile akala kwa muda mrefu. Halafu nimezivua.

Fundi wa viatu asiye na viatu. Nywele zilinisimama. Hata mimi niliyemchora nilimhurumia.

Mikono sikuigusa. Niliahidi.

Nimeifunika picha kwa shuka kabla Mourine hajarudi. Ameuliza kwa nini shuka lake liko ukutani. Nimemwambia rangi bado mbichi.

Ijumaa, 14 Machi

Imechukuliwa. Madam Warigia amesimama mbele yake bila kusema neno, nami nikahesabu pumzi zake. Ameniuliza huyu ni nani. Nikamjibu kwamba ni fundi ambaye maisha yake yote anawatengenezea wengine viatu, na yeye mwenyewe hajawahi kuvaa. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka vizuri. Aliyaandika ili yabandikwe kando ya picha.

Ameuliza pia kama mzee mwenyewe amekubali kuonyeshwa hivi. Nimesema ni mtu wa familia. Hilo halikuwa jibu, lakini lilipita.

Picha ya Kiema itakuwa karibu na choo. Yangu mlangoni.

Jumapili, 16 Machi

Shida. Mourine amesimama kanisani wakati wa matangazo akawaambia watu kwamba mjomba wake amechorwa na atatundikwa mjini. Makofi. Mjomba Nabiswa akasimama akainama kidogo. Wazee wa kanisa wamepanga kumsindikiza Jumamosi ya ufunguzi, wakiwa na sare.

Baada ya ibada nimemvuta mzee kando nikamwambia ni shughuli ya walioalikwa tu. Kadi ni chache, hata mimi mwenyewe nimepewa moja.

Jumatano, 19 Machi

Kiema amempelekea Nabiswa kadi kumi. Alisikia kuwa mzee anazikosa, akamwomba Madam Warigia. Kiema ana wema wa kuudhi.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika ili nisisahau, ingawa ningependa kusahau.

Walifika saa nane mchana, watu kumi na Mourine. Nabiswa mbele, suti ileile, tai ileile, akala zimepakwa mafuta. Mlangoni mlinzi, Abukar, alimpisha kama mtu mkubwa. Mzee akageuka kushoto na hapo hapo akakutana na yeye mwenyewe.

 Alisogea karibu, akasoma maelezo yaliyobandikwa kando, neno kwa neno, akifuata kwa kidole. Wazee wa kanisa walisoma juu ya bega lake. Mmoja akavua kofia, kama mtu aliyefika matangani.

"Bwana mkwe," Nabiswa akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "viatu vyangu viko wapi?"

Nikasema ni sanaa, mjomba. Nikasema inawakilisha. Sikumaliza kinachowakilishwa.

Alitazama miguu yake kwenye picha, kisha akatazama miguu yake sakafuni. "Mikono umeipata," akasema. Akatoka. Wote wakamfuata, na Mourine akamshika mkono akatoka naye bila kunitazama.

Muda mfupi baadaye Madam Warigia alikuja kunipongeza. Kuna mtu ameichagua picha yangu, anaitaka ofisini kwake. Kiema alikuwa amesimama karibu, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakuwa na neno zuri la kuniambia.

Jumatatu, 24 Machi

Nyumbani Mourine ananipakulia chakula, anaketi mbali. Leo amesema sentensi moja, kwamba niende Kariokor.

Nimekwenda. Nilitegemea Nabiswa anifukuze, ingekuwa rahisi. Akanipa kigoda. Aliendelea kukata tairi huku akiniambia habari za baba yake, jinsi alivyotoka Bungoma kuja Nairobi kutafuta kazi kiwandani. Getini walimtazama miguu wakamwambia arudi siku atakayokuwa na viatu. Hakurudi. Alibeba mizigo sokoni hadi akafa. Mwanawe akajifunza kutengeneza akala.

"Miaka thelathini na moja niko hapa," akasema. "Nimefanya kazi ili asipatikane mtu wa kusema amemwona Nabiswa pekupeku. Sasa nimeonekana. Nimetundikwa mlangoni."

 Mteja alikuja, akapimwa mguu, akaondoka amevaa.

Jumanne, 25 Machi

Nimeshindwa kula. Nimepanga mpango.

Nimetia brashi tatu ndogo ndani ya chupa ya chai, na rangi kwenye mifuko ya koti. Saa sita nimeingia kwenye jumba la sanaa kama mtazamaji. Nimepiga magoti mbele ya picha nikaanza kumvisha Nabiswa viatu. Cha kushoto kilipokaribia kwisha, kivuli kikaniangukia. Abukar. Nikamwambia ukweli, kwa kuwa uongo wote ulikuwa umeniishia.  Akasema yule mzee alimsalimia kwa mikono miwili siku ile. Akasema Madam anarudi saa nane. Akaenda kusimama mlangoni, amenipa mgongo.

Madam amerudi saa saba na nusu.

Hakupiga kelele. Aliniambia kwamba aliyeichagua picha alichagua mtu asiye na viatu. Nikamwambia mtu huyo hayupo, nilimtunga. Akabandua yale maelezo ukutani yeye mwenyewe. Alisema lile swali lake la siku ya kwanza, kama mzee amekubali, alipaswa kuliuliza mara mbili.

Nimerudishiwa picha. Mahali pake pamewekwa picha ya pili ya Kiema.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya kanisa nimeipeleka picha kwa Nabiswa, nimeibeba kichwani kutoka stendi. Mourine amekuja nami. Nilimwomba mzee msamaha mbele ya mke wake na mke wangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nikaishia kusema nimekosa, mjomba.

Ameitazama picha. Amesema kwanza, mkanda wa akala haupiti hapo. Akachukua penseli yangu akachora juu ya kanvasi yangu unapopita. Amechora vizuri, nimeona wivu kidogo. Nikarekebisha nikiwa nimeketi sakafuni pale pale, yeye akisimamia. Kisha akaomba shati lishonwe. Kisha koti. Kisha, akikohoa, tai.

Jioni ikifika alikuwa amerudi kuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Sijawahi kuchora picha isiyosema kitu kwa watu wa mjini kama ile. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akaiweka mbali, akaileta karibu. Akamwita mke wake kutoka jikoni aje aone. Mama akaja na mwiko mkononi, akacheka, akasema ndiye huyu, ndiye huyu kabisa.

Mourine ameongea na mimi njia nzima ya kurudi. Hata sikusikia vyote, nilikuwa nasikia sauti tu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimetafakari kwa kina juu ya yaliyonipata, kama inavyompasa msanii aliyekomaa. Nimegundua nilipokosea.

Nilikosea kwenye huzuni. Watu wa mitaa yetu hawataki kuonekana wenye huzuni. Ndilo jambo lote. Ningelijua mapema nisingepata taabu.

Na riziki imejipanga yenyewe. Kiema amepita kuniambia kuna maonyesho mengine mwezi Juni, mada ni furaha ya mtaani. Furaha naiweza. Nimemaliza miaka kumi na saba nikifurahisha ng'ombe.

Tena mtu wa kuchora ninaye. Ndinda, anayeuza sukuma wiki ng'ambo ya dirisha letu. Nitamchora akicheka, kichwa nyuma, meno yote nje. Jino la mbele hana, nitamwekea. Ni kweli alimzika mumewe mwezi uliopita na tangu hapo hajacheka, lakini hilo ni suala la brashi. Tayari nimemchora kwa penseli mara nne nikiwa nyuma ya pazia, na hajashtuka hata mara moja.

Sitamwambia. Nataka ajionee mwenyewe siku ya ufunguzi. Maelezo ya kubandika kando nimeshayaandika.