Bastola ya Waridi na Mguu Wangu wa Kushoto

Kwa Mheshimiwa Sherifu Landis Stidham,

Nakuita Mheshimiwa kwa sababu barua hii ni ya mashtaka, na Babu yako Verlin anasema mashtaka huanza hivyo. Lakini kwanza nikugombeze kama bibi yako. Tangu Pasaka hujakanyaga hapa! Gari la polisi unalo, mafuta unawekewa, na kutoka ofisini kwako hadi huku bondeni ni dakika arobaini tu. Au njia imeota miti? Kifaranga uliyemwacha sasa ana wajukuu, nao wanamtembelea. Mimi shule sikuiona hata mlango. Herufi nilifundishwa na Babu yako kwenye pakiti za mbegu, basi ukikuta neno limepinda, lisome hivyo hivyo lilivyopinda.

Sasa mashtaka. Unajua madaktari wa moyo wanamtaka Babu yako Jumanne ijayo, wamfungue kifua na alale kwao wiki mbili. Unajua pia alichoapa: hatatia mguu hospitalini mpaka mimi, nitakayebaki peke yangu, niwe na bastola ndogo ya kutembea nayo, na niweze kulipiga kopo la kahawa mara tatu kwa risasi tano. Hadi leo sijalipiga hata mara moja. Naye amekaa barazani, midomo imemgeuka rangi kama aliyekula zambarau, ananiambia, "Zella, moyo wangu unasubiri mkono wako." Na wewe, Mheshimiwa, ndiye uliyefuatana naye dukani kuichagua. Kwa hiyo nakushtaki kwako mwenyewe.

1. Hamkuniuliza. Mwanamume wa bonde hili hamnunulii mkewe kiatu bila kumpima mguu, lakini bastola humchagulia kwa kuishika yeye mwenyewe, kwa kiganja kama koleo, kisha aseme, "Itamfaa." Nasikia muuzaji aliwaambia, "Kwa akina mama, chukueni ndogo na nyepesi," nanyi mkaitikia kama mko ibadani. Hivi mnadhani kikaango changu cha chuma hunyanyuliwa na malaika?

2. Rangi. Ni ya waridi, Landis. Waridi ileile ya ufizi wa meno yangu ya bandia. Nikimtolea mwizi atadhani nimevua meno, na atangoja chakula.

3. Wepesi. Kitu chepesi ndicho chenye teke. Kila aliyefuga mbuzi anajua. Bastola hii ni nyepesi kama kipande cha sabuni, na ukiifyatua inakupiga wewe kwanza ndipo imfikirie adui. Risasi yangu ya kwanza iliua ndoo. Ya pili ilitoboa suruali ndefu ya ndani ya Babu yako ikiwa kwenye kamba, mahali ambapo, angekuwa amevaa, madaktari wangemwanzia huko na moyo ungengoja zamu. Zilizobaki zilikwenda mlimani. Na haya yananipata mimi, niliyekuwa nikipiga kindi kichwani nina miaka saba ili mama yangu awe na kitoweo! Basi kosa ni la nani, kama si la bastola?

4. Kuikoki. Kile kipande cha juu cha kuvuta nyuma kimekaza kama mlango wa ghala wakati wa mvua, na vidole vyangu vina baridi yabisi. Mwizi akija itabidi nimwambie, "Mwanangu, hebu nivutie hapa, kisha rudi mlangoni uanze upya."

5. Hili ndilo lililonitoa machozi. Mlininunulia ala ya bastola ya kufunga kiunoni. Mimi kiuno sina tangu baba yako azaliwe. Nikaijaribu kifuani, ikadumbukia kwenye unga wa mkate. Ndipo Babu yako akaagiza ala ya kifundo cha mguu, akanifunga yeye mwenyewe, amepiga magoti, anahema. Ningemkatalia vipi mtu anayehema? Akasema niizoee popote niendapo. Nikaizoea, Mheshimiwa, mpaka nikasahau ninayo, nikaenda nayo kanisani Jumapili ya kuoshana miguu.

Wewe umelelewa mle, unajua. Dada Orpha akajifunga taulo, akapiga magoti mbele yangu na beseni, akanishusha soksi ya kushoto.

"Zella," akanong'ona, "hii nini?"

"Bandeji."

"Bandeji yenye mtutu?"

"We osha tu, Orpha. Haina risasi, nimeziacha kwenye kopo la sukari."

"Kwa hiyo Jumamosi ile nilikunywa chai ya..."

"Osha!"

Akaniosha. Akaizunguka bastola kama mtu anayefuta meza bila kuinua chupa ya chumvi. Wazee walikuwa wakiimba, na sauti moja baada ya nyingine ikakatika, mpaka akabaki Mzee Burl ambaye hasikii wala haoni vizuri. Miaka sitini ninakwenda pale kujifunza unyenyekevu. Niliupata wote siku moja.

Kwa hayo yote, ninaomba mambo mawili.

La kwanza, mkamate Babu yako. Mtie pingu, mpeleke hospitalini. Kosa chagua lolote. Mwaka jana alivua samaki bila kibali. Ushahidi ninao, niliukaanga.

La pili, itungwe sheria: mume akimchagulia mkewe bastola, mke naye amchagulie mume daktari, siku na saa, na mume asifungue mdomo. Wangu nimeshamchagulia: Jumanne, saa mbili asubuhi.

Msalimie mkeo, na watoto wako mapacha, na yule mbwa mwoga. Dada Orpha anakusalimu, ila chai kwangu hanywi tena.

Ni mimi mlalamikaji, bibi yako niliyekufuta makamasi,
Zella Stidham

Nyongeza. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nikaifungua. Landis, siku ileile Babu yako alipoileta bastola, yeye akiwa anaoga, nilitoka nyuma nikalipiga kopo mara tano kwa tano, nikamwambia nafukuza kunguru. Lile lenye matundu nikalizika, nikaweka jingine. Vidole vyangu ni vizima, ng'ombe namkamua mwenyewe. Ndoo niliikusudia. Suruali nayo ilikuwa imeshachakaa. Ninakosa kwa sababu nikipata, ataondoka, na kaka yangu alipofunguliwa kifua alirudi ndani ya sanduku. Nikajiona mjanja: maadamu kopo ni zima, Verlin yuko barazani. Leo asubuhi amepumzika mara nne kati ya baraza na kisima. Sikuhitaji risasi, bibi mjinga mimi; nilikuwa namwua kwa kukosa shabaha.

Njoo Jumatatu asubuhi, tangi limejaa, begi lake utalikuta nyuma ya mlango wa jikoni. Simama karibu naye umshike mkono, uhesabu kwa sauti asikie. Nitapiga tatu. Nikikosa, ujue ni machozi tu. Wewe hesabu tatu hivyo hivyo, mpakie gari, uondoke.