Msiba wa Haruna Fundi Breki

Habari ilifika kijiweni, mtaa wa Gerezani, kwa simu ya Filbert, muuza spea anayeitwa Wakili kwa kubishia kila kitu. Ni picha ya Haruna fundi breki, amelala chali, pamba puani, sanda mpaka kidevuni. Chini imeandikwa: "Mpendwa wetu Haruna. Jumamosi hii, saa kumi, Mnazi Mmoja. Nyote karibuni."

"Oya, nani kaandika huu ujinga?" Wakili akafoka.

"Mimi," Haruna akajibu, akipuliza kahawa yake. "Tangazo la igizo letu la mtaani. Ile komedi ya kale, ndugu wanagombania nyumba, maiti yupo sebuleni."

"Wewe unacheza nani?"

"Maiti."

Kijiwe kikalipuka. Violeth muuza kahawa nusura aangushe birika.

"Miezi miwili ya mazoezi, kumbe unajifunza kulala!"

"Unadhani mchezo? Mjane ananikanyaga, nzi anatua mdomoni, nisitikisike!"

"Sawa, mzee baba," Wakili akasema, akiivuta picha kwa vidole. "Ila neno 'igizo' liko wapi hapa?"

Haruna akanyakua simu. Akasoma mara mbili.

"Mungu wangu. Nimeituma grupu la ukoo juzi. Na simu yangu iko kwa fundi tangu jana, hawanipati!"

Hajamaliza, bajaji ikasimama. Akashuka shangazi Anifa, aliyemlea kule Lindi, kanga kichwani, kilio kimemtangulia. "Haruna wanguuu!"

Haruna akasimama. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akaitikia kwa mazoea. Kisha akaganda. Akampapasa mashavu. Akamzaba kofi. Akamkumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Idi nne nakuita uje, huji. Umejifanya umekufa siku moja tu, mimi huyu hapa!"

Haruna akainama, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, shangazi. Idi hii nakuja, wallahi. Karibu basi ukatazame igizo ukumbini."

"Nitatazama. Na wenzangu pia."

"Wenzako?"

"Ukoo mzima. Basi zima, linashusha pale Mnazi Mmoja sasa hivi."

"Ukumbi umejaa!" Wakili akaruka.

"Lakini shangazi," Haruna akanong'ona, "lile ni igizo la kuchekesha."

Shangazi akajifunga kanga upya. "Haya. Kawachekesheni watu waliolia tangu Lindi."

Violeth akazima jiko hapohapo. Hakuna aliyekuwa tayari kuukosa msiba huo.