Betri ya Ukurasa wa Nne

(Hotuba kamili ya Mheshimiwa Naibu Waziri wa Ubunifu, Burudani na Mambo Yanayofanana na Hayo, katika uzinduzi wa Kituo cha Taifa cha Katuni na Michezo ya Kompyuta. Ratiba ilisema saa nne asubuhi. Mheshimiwa alifika saa saba na nusu mchana.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa kamati hiyohiyo, ambaye nimeambiwa yuko njiani, waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo iliyoundwa kuchunguza kwa nini kamati kubwa haijawahi kukutana, Bwana Mkuu wa Itifaki, wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi na wanaokaimu nafasi za wakurugenzi wasaidizi, washirika wa maendeleo, ambao viti vyao vitupu nawaomba msivikalie, majirani wema, wateja wa seremala mliofuata milango yenu mkakuta geti limefungwa kwa ajili ya usalama wangu, na wewe binti uliyesimama karibu na ile kompyuta, ambaye tangu niingie hujanipigia makofi: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Kabla sijasema lolote, naomba niseme machache. Nilipokanyaga kizingiti cha kituo hiki nilivuta pumzi, nikasikia harufu ya mbao mbichi na gundi, nikamnong'oneza msaidizi wangu kwamba hii ndiyo harufu ya jengo jipya, jengo ambalo rangi ya ukuta wake wa mbele bado inashika vidole, jengo linalosimama leo kama ushahidi wa dira, dhamira, rodimapu na ufuatiliaji wa karibu wa mtu ambaye kwa unyenyekevu sitamtaja, ila jina lake limechongwa kwenye bamba pale mlangoni. (Mzee seremala, mwenye karakana, akiwa amekaa juu ya rundo la mbao: "Hiyo ni harufu ya kitanda cha watu, Mheshimiwa. Wanakingoja tangu asubuhi.") Asante sana, mzee wangu. Kitanda ni samani, samani ni makazi, makazi ni ustawi, na ustawi ni sehemu ya ekosistimu ya ubunifu. Hapo tuko pamoja.

Nimeelezwa kwamba mzee huyu ni mjomba wa binti huyu, na kwamba binti huyu, ambaye mtaa mzima unamwita Penseli, amekuwa akichora katuni kwenye pembe ya karakana hii kwa miaka mitatu, yeye na wenzake wawili, upande huu msumeno, upande ule kompyuta, katikati pazia la kuzuia vumbi. Wapo wanaoona hapo binti na pazia. Wizara inaona habu, yaani kitovu cha ubunifu. (Makofi. Mtu mmoja anapiga chafya kwa vumbi la mbao.)

Sasa nije kwenye takwimu, kwa sababu uongozi bila takwimu ni porojo. Mwaka juzi nchi hii ilikuwa na mchora katuni mmoja tu anayetambuliwa na wizara. Leo tunao wanne. Huo, ndugu zangu, ni ukuaji wa asilimia mia nne. (Mwalimu wa hesabu, aliyekuja kuchukua madawati ya shule: "Mia tatu, Mheshimiwa.") Mia nne, mwalimu. Mia tatu ni za wachoraji, mia moja ni mchango wa wizara. (Kicheko nyuma, kikohozi meza kuu.) Na kwenye michezo ya kompyuta tumefanya makubwa zaidi. Tafiti zetu za kina, zilizofanyika ndani ya gari langu tukiwa kwenye foleni, zimebaini kwamba vijana sita kati ya kumi wanacheza michezo kwenye simu zao kuanzia wanapoamka hadi wanapolala. Nimeagiza wote wahesabiwe kuwa wameajiriwa na sekta. (Makofi marefu ya vijana.)

Lakini asiyeamini maneno aamini macho. Geuzeni shingo mtazame kioo cha ile kompyuta. Mnauona ule mstari wa kijani unaotambaa kuelekea kulia? Mnaiona namba iliyo juu yake? Asilimia tisini na saba. Ndugu zangu, sikumwomba mtu aniwekee mchoro huo, nimeukuta, na nimeuelewa mara moja, kwa sababu kiongozi huyatambua matunda yake hata yakiwa kwenye mti wa jirani: hicho ndicho kiwango cha utekelezaji wa mradi huu.

(Penseli: "Hapana, Mheshimiwa. Hiyo ni filamu yangu, inapikwa.")

Endelea, binti yangu, wananchi wasikie.

(Penseli: "Nimechora kuku kipofu anayefundisha vifaranga wake kuvuka barabara. Ni dakika nane. Kompyuta inatengeneza picha moja baada ya nyingine, elfu kumi na moja na mia tano, ndiyo sisi tunasema inapika. Leo siku ya kumi na moja sijaizima. Programu ni ya zamani, haihifadhi kitu mpaka ifike mwisho. Ndiyo maana nimebandika ile karatasi ukutani.")

Naisoma. "USICHOMOE HADI KESHO." Na kesho kuna nini?

(Penseli: "Kesho saa sita mchana ndiyo mwisho wa kuituma kwa wanunuzi wa televisheni. Wakiipenda wataagiza sehemu ishirini na sita. Watu kumi na wawili tutapata kazi.")

Mmesikia wenyewe. Ajira kumi na mbili. Msaidizi, andika elfu kumi na mbili. (Msaidizi anaandika.)

Sasa wapo watakaouliza, kwa husuda ambayo ni kawaida ya binadamu asiye na cheo, serikali imefanya nini hasa. Swali zuri. Nafungua taarifa ya utekelezaji, ukurasa wa nne. Kifungu cha kwanza: uwepo wa uongozi thabiti katika sekta, yaani mimi. Kifungu cha pili: meza sita za kisasa. (Mzee seremala: "Hizo nimezichonga mimi, kwa mninga uliobaki.") Zimechongwa na mzalendo, na mzalendo ni mali ya taifa. Kifungu cha tatu: betri moja kubwa ya akiba, yenye uwezo wa kuendesha kompyuta saa nane mfululizo umeme unapokatika, imekabidhiwa, imefungwa, inafanya kazi.

(Penseli: "Betri gani?")

Betri ya ukurasa wa nne, binti yangu.

(Penseli: "Tuliiomba. Tumeandika barua tatu. Hatujaiona.")

Kuomba ni hatua ya kwanza ya kupokea, na wizara huhesabu hatua. Tuendelee. Joto limekuwa kali humu ndani, na sishangai, kwa sababu mabati haya ni mapya. (Mzee seremala: "Yana miaka ishirini.") Msaidizi, washa ile feni tuliyokuja nayo. Unasema nini? Soketi ni mbili? Moja ina kipaza sauti na nyingine ina kompyuta? Basi jambo limeisha. Chomoa kompyuta.

(Penseli anasimama mbele ya soketi. "Mheshimiwa, usifanye hivyo.")

Binti yangu, usihofu.

(Mzee seremala: "Mheshimiwa, chomoa hicho kipaza sauti. Chumba hiki hakizidi hatua kumi, tunakusikia mpaka unavyomeza mate." Kicheko kikubwa, hata meza kuu.)

Mzee wangu, kipaza sauti ni itifaki. Bila kipaza sauti hii si hotuba, ni mazungumzo, na mimi sikuja kuzungumza.

(Penseli anaokota kipande cha plaiwudi. "Basi nitakupepea mimi, Mheshimiwa. Nitasimama hapo mpaka umalize, hata kama ni saa mbili. Nakuomba.")

Nimeguswa. Kwa kweli nimeguswa, na kama isingekuwa kamera zilizopo ningekubali, lakini serikali haipepewi kwa plaiwudi hadharani. Na wala huhitaji kuhangaika, kwa sababu nyinyi nyote mmesikia nikisoma: betri ipo. Nikichomoa waya huu, kompyuta itahamia kwenye betri bila hata kupepesa jicho, mstari wa kijani utaendelea, na wananchi watashuhudia kwa macho yao kazi ya wizara. Nipisheni nichomoe mwenyewe, maana kiongozi lazima awe karibu na watu.

(Anachomoa. Kioo kinazimika. Msaidizi anachomeka feni, nayo inaanza kuzunguka.)

Subirini kidogo. Itawaka.

(Feni inapeperusha vumbi la mbao.)

Pengine inachelewa. Vitu vya kisasa huwa vinatafakari kwanza. Msaidizi, tazama chini ya meza. Basi, acha, natazama mimi. (Mheshimiwa anainama. Sauti yake inatoka chini ya meza.) Kuna kopo la gundi. Kuna randa. Kuna ndala moja ya mtu. Betri inapaswa kuwa hapa, upande wa kushoto, kwa sababu nilipotia saini ukurasa huu niliiona kabisa, nyeusi, ina taa ndogo nyekundu. (Anainuka, magoti yana vumbi la mbao.)

Ndugu zangu, naomba mnivumilie dakika moja nje ya maandishi. Nimeingiwa na shaka. Nimejiuliza: kama betri ya kifungu cha tatu haipo, na meza za kifungu cha pili ni za mzee, basi ukurasa mzima umebaki na kifungu cha kwanza, na kifungu cha kwanza ni mimi. (Anatazama karatasi, anaigeuza nyuma, anairudisha.) Aliyeniandikia aliandika alichodhani nataka kusoma, nami nikasoma nilichodhani amekiona. Hapo katikati sijui ni nani aliyepaswa kuja kutazama.

(Mwalimu wa hesabu: "Wewe, Mheshimiwa.")

Lakini mtu hafiki ngazi niliyofika mimi kwa kujibu maswali anayojiuliza mwenyewe. Tunarudi kwenye maandishi. (Makofi ya nafuu kutoka meza kuu.)

Kuhusu ile asilimia tisini na saba, asiwepo wa kupotosha umma. Imezimika kwenye kioo, haijazimika kwenye kumbukumbu za kikao, na kumbukumbu za kikao hazina waya. Namwona binti yetu amekaa chini juu ya vumbi, ameshika ile karatasi yake. Binti yangu, siku kumi na moja ni nini katika maisha ya taifa? Kituo hiki kimesubiri miaka saba, na hakijawahi kulalamika hata siku moja.

(Penseli: "Kesho saa sita, Mheshimiwa.")

Nimekusikia. Naunda hapa hapa kamati ya kuwaomba wanunuzi waisogeze hiyo saa sita. Kamati itakutana ndani ya siku tisini.

(Mzee seremala: "Mwanangu, inuka hapo, misumari itakuchoma." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo kipaza sauti kinaidaka: "Kuku wako ni kipofu, lakini alikuwa anajua barabara iko wapi." Kicheko kifupi, kinakatika.)

Methali nzuri, mzee, itumike kwenye hotuba ijayo. Nahitimisha. Ndani ya miaka mitano ijayo nchi hii itakuwa kitovu cha katuni cha ukanda mzima. Kila mtaa utakuwa na studio, kila studio itakuwa na betri, na kila betri itakuwa na ukurasa wake. Watoto wa mataifa makubwa watalala wakilia wakinyimwa michezo yetu. Wawekezaji watapanga foleni kwenye geti hili hili, na tutalifunga kwa ajili ya usalama wao. Haya yote yamo kwenye mpango mkakati ambao uko kwenye hatua za mwisho za kuanza kufikiriwa.

Naomba tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema "Katuni", nyinyi mseme "Ni uchumi". Katuni. (Meza kuu: "Ni uchumi.") Michezo. (Msaidizi peke yake: "Ni ajira.") Betri. (Msaidizi anachungulia chini ya meza.)

Kwa niaba ya wizara, nawashukuru nyote. Namshukuru mzee seremala kwa kutuazima karakana yake kwa nusu siku, na kwa kukubali tupake rangi ule ukuta mmoja unaoonekana kwenye picha; pazia lake la vumbi, tulilolishusha kwa ajili ya picha hizo, atalikuta nyuma ya gari langu. Nawashukuru wachoraji watatu kwa kukubali kuitwa kituo. Utepe ukunjwe vizuri, umekatwa mara tisa na bado una urefu wa kutosha. Bamba lenye jina langu lifunguliwe taratibu na skrubu zake nne zisipotee, kwa sababu kesho linazindua kiwanda cha viatu, na ni yale maneno ya katikati tu yanayobandikwa upya. Kwa wale watakaouliza siku zijazo Kituo cha Taifa cha Katuni na Michezo ya Kompyuta kiko wapi, waambieni kwa fahari kwamba kilikuwa hapa, kuanzia saa saba na nusu hadi dakika hii. Wizara inakishukuru kwa utumishi wake. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Makofi kutoka meza kuu. Mzee seremala anafungua bamba kwa bisibisi yake mwenyewe, na chini yake linatokea tangazo lake la zamani: "Milango, Vitanda, Madawati." Msaidizi anachomoa feni na kuondoka nayo, ni mali ya wizara. Penseli anarudisha waya wa kompyuta kwenye soketi na kubandika karatasi yake mahali pake, ila kwanza anafuta neno "kesho". Kioo kinawaka. Mstari wa kijani hauonekani. Namba inasema sifuri. Mheshimiwa, akiwa ameshafika mlangoni, anageuka, anaona mwanga, na kumwambia msaidizi: "Andika kwamba tulipoondoka mitambo yote ilikuwa inafanya kazi.")